Senti Yenye Tundu

Enzi zetu, sisi watoto wa Ufipa hatukujua vitu vya kuchezea vya dukani. Mimi na dada yangu Skola tulikuwa na kopo la sarafu. Mlikuwamo ngwee za Zambia alizotuletea mjomba, dereva wa lori, akipitia Kasesya. Lira tuliyopewa na padre. Na heller ya Mjerumani, ile iliyotuachia neno hela, ambayo baba aliifukua kwenye shamba la ulezi. Tulizisugua kwa majivu mpaka zikang'aa, na mikono yetu ilinuka shaba hata tukila ugali.

Watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zao za zamani zikabaki mahame. Tulikatazwa kwenda huko, tukaenda. Kwenye kizingiti cha nyumba moja Skola akaokota senti ya mkoloni, ile yenye tundu katikati, bado ina uzi mweusi. Akaivaa shingoni huku akicheka.

Jioni ile tulikuwa tunachambua maharage. Skola akainua kichwa, akaitika, "Abee!" Hakuna aliyemwita. Kesho yake akaitika tena darasani, katikati ya hesabu, mwalimu akamchapa. Kisha akawa anaitika na kuinuka, anaelekea mahame mchana kweupe, hasikii la mtu. Akakonda. Niliogopa kulala naye, na niliogopa zaidi kuamka nisimkute.

Bibi alipoiona ile senti, aliketi chini palepale.

"Hiyo si hela, wajukuu zangu. Hiyo hufungwa mtoto aliyebaki peke yake, ndugu zake wote wamekufa. Mama yake, hata kaburini, bado anamwita anayeivaa."

Akatushika mikono, tukairudisha, akaifukia chini ya kizingiti. Skola akapona.

Siku hizi mahame yale ni viwanja, na mwanangu amejenga huko, nami nakaa kwake. Watoto wa leo ukiwaita wanajibu "Nini?", macho kwenye simu. Abee imekufa, nami nalalamika kila siku mpaka wamenichoka. Juzi mjukuu wangu Neema alikuwa nje anachezea udongo wa msingi. Nikamsikia akiitika kwa sauti nyororo kama ya wasichana wa zamani, "Abee!" Nilifurahi, jamani. Nikatoka na tabasamu langu mpaka mlangoni, nikamkuta amesimama, amefumba kiganja, ananipa mgongo. Ndipo nilipokumbuka kwamba tulikuwa wawili tu pale nyumbani, na mimi sikuwa nimemwita.