Anayesafisha Namba za Chumvi

Saa moja asubuhi, Intisar Jabbar anawasha kompyuta katika chumba cha juu cha ghala la zamani la tende, Abu al-Khasib, kusini mwa Basra, Iraki. Mkate na gaimar, malai mazito ya maziwa ya nyati, viko mezani, hajavigusa. Walinzi kumi na mmoja wa malango ya mifereji wameshatuma vipimo vyao vya chumvi kwa simu, na vyote vimeingia kwenye jedwali vikiwa vurugu tupu.

Wa mfereji wa kwanza ameandika 2.4. Wa tatu ametumia tarakimu za Kiarabu, ambazo sifuri yake ni nukta, na kompyuta imeisoma nukta ya 2.4 yake kuwa sifuri: 204. Wa tano kaandika kwa maneno: tatu kasorobo, alhamdulillahi. Wa nane kaandika: kama jana.

"Huyu wa nane nilisoma naye darasa moja," anasema Intisar huku akipiga simu. "Hata kwenye mtihani alikuwa karibu aandike 'kama wa jirani'."

Simu inapokelewa.

"Abu Tahsin, jana ni siku, si namba."

"Mto ni ule ule, dada."

"Basi shuka ukaupime huo huo."

Maji ya bahari yanapojaa, chumvi hupanda mtoni mpaka kwenye mashamba. Ikizidi gramu tatu kwa lita, lango hufungwa, ikipungua, hufunguliwa. Uamuzi hutolewa kabla ya saa tatu, kwa kufuata jedwali la Intisar. Kipimo kikiingia kama neno, kompyuta hukiruka kana kwamba hakikuletwa. Ndiyo maana anafuta nafasi, anarudisha nukta mahali pake, na kuuliza kila anachokitilia shaka.

Ana miaka arobaini na mitatu, na elimu yake ni ya sekondari. Chama cha wakulima humlipa dinari laki tatu na nusu kwa mwezi. Akishanunua dawa za mama yake, anasema, mwezi wake huishia tarehe kumi na nane.

Kwa miaka miwili, safu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mfereji wa tisa. Mlinzi wake, Abu Shihab, alikuwa amelitunza lango hilo miaka thelathini na mmoja. Namba zake zilikuja nadhifu, bila nafasi wala neno la ziada.

"Nilikuwa naipita bila kuitazama," anasema Intisar. "Nikamwambia, Abu Shihab, Mungu akupe umri, wewe peke yako ndiye unayenipumzisha."

Mwezi wa nane mwaka jana, kwa siku kumi na tisa, safu hiyo ilisoma 2.1, kisha 2.2, kisha 2.1 tena, na lango likaachwa wazi. Siku ya ishirini, Haji Mutashar, mkulima wa mfereji huo, alipanda ngazi za ghala akiwa na mche wa mtende uliokauka. Akauweka mezani kwa Intisar, tope lake na yote.

"Mwanangu," akamuuliza, "hii ndiyo mbili na moja yako?"

Walikwenda pamoja langoni. Abu Shihab walimkuta kitandani, wiki ya tatu ya homa. Kipimo cha chumvi kilikuwa kwenye msumari ukutani, na mkewe hakujua kukisoma. Kila alfajiri mama huyo alichota glasi ya maji ya mfereji, mumewe akayaonja, akamtajia namba, naye akaituma. Kabla ya vifaa vya kupimia kuletwa, wakulima wote wa pale walitegemea ulimi wa mzee huyo, na haukuwahi kuwakosea. Homa ilikuwa imeuua, na mwenyewe hakujua.

Intisar alishuka akapima. Tisa nukta nne.

"Niliporudi ndani akaniuliza, namba zangu zinafika vizuri? Nikamwambia zinafika safi. Ningemwambia nini?"

Abu Shihab alifariki siku nne baadaye. Haji Mutashar, aliyepoteza miche mia moja na arobaini ya mitende ya barhi, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Ulipofika wakati wa kupeleka ripoti idara ya maji, Intisar alizifuta namba za zile siku kumi na tisa, na mhandisi mmoja wa huko akamtaka azijaze upya. "Weka wastani wa mfereji wa nane na wa kumi. Nani atajua?"

"Haji atajua," alimjibu.

Aliviacha visanduku vitupu, pembeni akaandika: mlinzi aliugua. Ripoti ilirudishwa mara mbili. Mara ya tatu ikapokelewa hivyo hivyo.

Sasa lango la tisa liko mikononi mwa mjane wa Abu Shihab, Umm Shihab, ambaye jina lake ni Nuriya. Intisar alikwenda kwake siku kumi na moja mfululizo kumfundisha kukisoma kipimo. Ujumbe wake wa leo umejaa nafasi na maneno, na jedwali limeukataa: 6.8, nimepima mara mbili, mimi Nuriya. Intisar anaitoa namba, na jina analihamishia kwenye safu mpya. Siku hizi kila kipimo kina jina la aliyekipima.

Anapiga simu. "Umm Shihab, funga lango."

"Nimeshafunga, mwanangu. Au ulitaka ningoje umalize chai?"

Haji Mutashar amepanda tena, lakini miche ishirini tu. "Sina hasira na mtu," anasema. "Ile mia na arobaini niliipanda kwa kuamini namba. Hii naipanda kwa kujaribu."

Intisar ameihesabu miche hiyo mwenyewe, na kila Ijumaa hupita kuitazama.

"Nataka kiangazi hiki kipite yote ishirini ikiwa hai," anasema. "Haji akija kuniambia anaongeza mwingine hata mmoja, hapo ndipo nitaomba likizo."