Maumivu Sifuri ya Wodi ya Figo

Asubuhi ile Sista Inshirah alishindwa hata kumaliza maharage yake ya ful. Bibi Shahira wa mfuko wa wafadhili alikuwa njiani kutoka Kairo, na akirudi hajaridhika, ruzuku ya utafiti ndiyo imekufa.

Utafiti wenyewe aliuomba yeye, muuguzi aliyezeeka na wodi ya figo pale Damanhur. Wagonjwa wake huchomwa sindano nene, mbili kila wanapokuja kusafishwa damu, naye alitaka wapakwe dawa ya ganzi kwanza. Wafadhili walikubali kwa sharti moja: apime maumivu yalivyo sasa, ndipo watoe pesa za dawa. Inshirah akapita kiti kwa kiti akiuliza, "Unaumia kiasi gani, sifuri mpaka kumi?" Wodi nzima, wazee kwa vijana, ikamjibu, "Alhamdulillahi." Sasa mtu akikuambia alhamdulillahi unaandika ngapi? Yeye, kwa haraka zake, akaandika sifuri. Wodi nzima sifuri! Kairo wakauliza, dawa ya nini kwa watu wasioumia? Alijilaani mpaka akachoka.

Kabla mgeni hajafika alijaribu kuwafunda wagonjwa.

"Haji, leo sema kweli," alimnong'oneza Haji Shawqi, fundi viatu mstaafu ambaye hata hospitali huja na kanzu iliyopigwa pasi.

"Unataka nimshitaki Mungu kwa mgeni? Tena mwanamke?"

"Si kumshitaki, baba. Kusema tu."

"Binti, nenda kachemshe chai."

Bibi Shahira alikuwa mpole, na upole wake ukazidi kumtia Inshirah hofu. Alimuuliza Haji. Alhamdulillahi. Akamuuliza Mama Wagdi, muuza jibini wa kiti cha pili. Alhamdulillahi, na Mungu akulinde, mwanangu. Mgeni alikuwa ameshaanza kufunga mkoba.

Ndipo Inshirah akaropoka, "Mama Wagdi, na jirani yako je? Haji haumii?"

"Huyu?" Mama Wagdi akaangua kicheko. "Huyu ndiyo kabisa! Sindano ikiingia tu anageukia ukutani, analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mimi najifanya nimelala, masikini, asije akaona haya."

"Mzushi wewe!" Haji akafoka. "Na wewe unayetafuna mtandio? Bibi, mwangalie, kautoboa wote!"

Wodi ikalipuka. Kumbe hakuna aliyetaka kujisemea, lakini kumsemea mwenzake kila mtu alikuwa na mdomo. Huyu mpe tisa, yule mpe kumi, huyo wa dirishani huzimia kabisa. Bibi Shahira akaketi upya, na hakuinuka mpaka amewasikiliza wote. Alipoaga alimwambia Inshirah kwamba pesa zitatoka.

Inshirah alitaka kupiga vigelegele, ila macho yake yakamwangukia Haji. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anakunjakunja mkono wa kanzu yake. Siku zote hizo alidhani hakuna anayemwona. Moyo ulimuuma Inshirah, maana aliyemvua nguo mbele ya watu ni yeye.

Hata dawa ilipofika, Haji alikuwa bado hamsalimii. Alishaomba ahamishiwe kiti cha mlangoni, mbali na Mama Wagdi, na Mama Wagdi alikuwa hana raha tangu hapo. Inshirah alimpaka Haji dawa mkononi, wakangoja ikolee. Wasiwasi ulimjaa. Dawa ikikataa kufanya kazi, basi ameiuza heshima ya mzee wa watu bure.

Alishika sindano. Haji akageukia ukutani, akafumba macho, akauma meno.

"Choma basi!" akafoka. "Unangoja nini?"

"Nimeshachoma, baba."