Kabla ya Kupima Presha

Siku yangu ya kwanza kama karani wa faili, katika kliniki moja ya Kitale, Daktari Mkuu alinikuta nikizipanga faili kwa majina.

"Rudisha," akasema. "Hapa boma moja linakaa pamoja: baba, mama, watoto, nyanya. Mtu haugui peke yake, bana."

Mgonjwa akiingia, daktari huyo aligeuza kiti, akamtazama usoni, akauliza, "Watu wa nyumbani wako aje?" Presha ilipimwa baadaye. Sijui kama naeleza vizuri, shule yangu ni ya msingi tu, lakini natamani vijana wa kazi hii mngeuona uso wa mgonjwa akiulizwa hivyo.

Nilipohamishiwa Bungoma nilikuta kompyuta. Kila mgonjwa alikuwa na rekodi yake pekee, na Daktari Msimamizi, mtu mpole, alifuata maswali ya skrini. Siku moja aliniita nimtafsirie kukhu mmoja, yaani nyanya, kutoka Matulo.

"Dawa unameza?"

"Nameza."

Skrini ilionyesha anachukua dawa kila mwezi, na presha bado iko juu. Daktari akaanza kumwongezea dozi. Hapo stima ikapotea. Daktari akageuza kiti.

"Kukhu, mzee yuko aje?"

"Huyo? Presha imemshika pia." Akacheka. "Si namgawia vidonge vyangu! Ati nimeze peke yangu, yeye ananiangalia tu?"

Daktari alishika kichwa. Dozi ile kubwa wangeigawana wote wawili.

Lakini niseme yote. Stima iliporudi, alifungua rekodi ya mzee amwandikie vidonge vilevile, na kompyuta ikaonya kwa rangi nyekundu: huyu ana pumu, vidonge vile vinaweza kumbana kifua. Aliletwa siku hiyohiyo, akapewa dawa yake. Kwenye faili zangu onyo hilo lingekuwepo, ila sina hakika kama kuna mtu angeliona. Kwa hivyo mashine siilaumu.

Sasa nimestaafu, naishi Kiminini. Juzi nilienda kliniki kwa presha yangu mwenyewe. Daktari, mgeni kwangu, alipata rekodi yangu mara moja. Sikurudia lolote, na dawa zote zilikuwa sawa.

"Kuna mabadiliko yoyote, mzee?" akauliza, vidole tayari, macho kwenye skrini.

Mama watoto tulimzika wakati wa kupalilia mahindi. Nilingoja kidogo, labda atageuza kiti.

"Hakuna," nikasema, naye akaandika.