Gugu Langu na Jiwe la Bibi

Miaka ile kabla ya uhuru, wakubwa wakibishania vyama barazani, mimi nilikuwa na swali langu moja: nyuki wa bondeni wanafuata nini kwenye gugu? Kila palizi ya mpunga mama aling'oa mmea wenye ua la buluu, dogo kama ukucha, na kila asubuhi nyuki walilizonga. Ikikaribia adhuhuri ua lilijifunga, nao wakaenda zao. Nilitaka kuliona likifunguka alfajiri, na bondeni kulikuwa mbali. Basi nikachukua vishina vitatu, nikavipanda nyuma ya jiko letu, Mgogoni.

"Wenzio wapalilia, wewe wapanda!" mama alicheka.

Bibi mzaa mama hakucheka. "Gugu hilo halikai pakavu. Na mie sichoti maji ya kisima kulinywesha."

Hasira zilinipanda. Nikateka maji mwenyewe kila siku, na gugu likashika. Nikajifunza kwamba nyuki huja kwanza, vipepeo baadaye, na yuko mdudu mwenye mistari, nusura umdhanie nyuki, anayesimama hewani mbele ya ua bila kutua. Sikupata wa kuniambia ni mdudu gani.

Kisha karafuu zikaiva. Mvua ilikuwa imekatika. Sote nyumbani tukahamia kambi ya wachumaji kuchambua, kutenga karafuu na vikonyo vyake, isipokuwa bibi, ambaye magoti hayakumruhusu. Kumwomba aninyweshee gugu niliona haya, maana jibu lake nilikuwa nalo tayari. Majuma manne nilichambua karafuu nikilisikitikia.

Tuliporudi nilikimbilia nyuma ya jiko kabla ya kumwamkia mtu. Gugu lilikuwa limetanda hadi ukutani, maua hayahesabiki, nyuki wanavuma. Katikati yake lilikaa jiwe la bibi la kutawadhia, ambalo tangu nizaliwe lilikuwa kando ya kisima. Mfuo wa kuburutwa ulitoka kule mpaka pale.

Bibi akatokea na kopo lake la maji.

"Shikamoo bibi. Jiwe limehamaje?"

"Marahaba. Kule kuna utelezi," alisema bila kunitazama. "Mie mtu mzima, n'kianguka je?"

Akaketi jiweni, akamsogeza nyuki mmoja kwa kidole, akaanza kutawadha. Alipofika miguuni, mguu wa kushoto aliunyoosha mbali, juu ya vishina ambavyo udongo wake ulikuwa bado mkavu.