Nyekundu kwenye Shingo ya Fundi

Dada yangu anapima watu kwa altrasaundi. Kazini wanamwita Mama Jeli, kwa sababu ya ile jeli ya baridi unayopakwa kabla ya kupimwa. Anaijua kazi yake, na anajua kwamba anaijua. Shida ilianzia hapo.

Hospitali ilipoleta mashine mpya, wenzake walikaa darasani asubuhi nzima. Yeye alichungulia tu mlangoni.

"Mimi nifundishwe kupima? Nifundisheni na kula basi!"

Mashine hiyo, kama ile ya zamani, inapima pia ugumu wa uvimbe. Unabonyezwa kidogo shingoni, palipo laini panatoa rangi moja, palipo pagumu rangi nyingine. Uvimbe mgumu kwenye tezi ya shingo si lazima uwe saratani, lakini hauachwi hivi hivi. Unachomwa sindano, sampuli inapimwa. Kwenye mashine ya zamani, ngumu ilikuwa bluu na laini nyekundu.

Akaja fundi cherehani wa mtaani kwetu, mama mwenye mdomo wake, na kijiuvimbe shingoni. Kioo kikawaka nyekundu tupu.

"Laini kama mkate, mama. Nenda kashone."

Akaandika hivyo hivyo, daktari akaamini, fundi akarudi kututangazia mtaa mzima.

Wiki iliyofuata akalala kitandani mzee mmoja, wa pili tu kupimwa ugumu kwa mashine hiyo, uvimbe wake ukiugusa kwa kidole ni jiwe. Kioo kikawaka nyekundu. Dada akaigonga mashine. Bado nyekundu. Ndipo akaangalia ule mstari wa rangi pembeni ya picha: juu nyekundu, imeandikwa ngumu, chini bluu, laini. Ilikuwa imeandikwa hapo siku zote. Mashine haikukosea hata kidogo.

Akamwambia bosi wake. Bosi akasema fundi apigiwe simu aje kurudia kipimo, maelezo ya nini? Mlango wa kutokea huo, wazi kabisa. Mimi ningepita mbio. Dada alienda dukani kwa fundi, akakuta wateja wamejaa.

"Jamani, huyu ndiye aliyenipima! Mkono wa baraka huu!"

"Mama, nilikosea." Alikuwa anaangalia vipande vya nguo sakafuni. "Rangi nilizisoma kinyume. Uvimbe wako si laini. Inabidi urudi, uchomwe sindano."

Cherehani ikanyamaza.

"Kinyume kivipi?"

"Mashine ni mpya. Sikukaa darasani."

"Kwa nini?"

"Nilijiona najua."

Mteja mmoja akasonya. Fundi akajishika shingo.

"Mwanangu, mimi nikishona nguo nje ndani, mteja ananirudishia gauni. Mimi ningekurudishia nini?"

Nyumbani, aliponisimulia swali hilo, alinipa mgongo.

Kesho yake fundi alikuja. Alilala, akakunja kola, akasema kabla hajapakwa jeli:

"Geuza hicho kioo na mimi nione."

Dada akageuza, akampaka jeli, akapima.

"Hii nyekundu ni nini?"

"Ni ngumu, mama."

"Sema kwa sauti. Kuna watu kwenye foleni hawajasikia."

Mlango ulikuwa wazi. Dada akasema kwa sauti. Halafu akampangusa jeli shingoni taratibu, macho chini, akampeleka mwenyewe chumba cha sindano.