Onja Kwanza

Fundi wa magari wa mtaa wa Chikongola amefungua chupa ya mafuta ya breki, na harufu yake imenirudisha utotoni.

Tulikuwa tukimkimbiza mama hospitali kujifungua, pikapu ya baba ikakosa breki, ikaishia kwenye mkorosho. Fundi wa pale kijijini akapangusa umajimaji uliokuwa ukivuja kwenye gurudumu, wa kijivu, mzito kama makamasi. Akalamba kidole, akatema.

"Mzee, hii sabuni!"

"Maji ya sabuni yanashika vizuri tu," baba, aliyeyatia mwenyewe badala ya mafuta ya breki, akajitetea.

"Yameozesha raba za breki, ndiyo maana zinavuja."

Mama, uchungu umembana, akasema, "Onja hiyo sabuni yako, baba watoto. Usipoonja, sipandi."

Baba akalamba, akatapika. Fundi akabadilisha raba, akajaza mafuta halisi, tukafika.

Sasa huyu wa leo ananiapia kwamba chupa yake haijachakachuliwa.

"Sawa," nimemwambia. "Onja kwanza."