Jina la Harusi Linauzika

Katika miaka ya tisini nilipangiwa kufundisha Kiswahili Shinyanga mjini, nikitokea Pangani. Nilipanga chumba Kambarage, katika nyumba ya familia ya Kisukuma iliyonipokea vizuri sana. Asubuhi waliniamkia "Mwangaluka," nami nilijifunza kuitikia. Lakini jioni, tukishazunguka sinia la ugali, mazungumzo yao yalihamia Kisukuma, na mimi nikawa natabasamu kila walipocheka. Hawakunitenga. Walikuwa nyumbani kwao, basi.

Jumapili ndiyo iliyonishinda. Wenyeji wangu walikwenda kanisani, kisha wakapitiliza kwa ndugu zao. Mimi nilifua, nikapiga pasi, nikasahihisha kazi za wanafunzi, nikitazama nje naona jua bado halijafika utosini.

Siku moja nilikwenda kununua tambi za jiko la mafuta kwenye duka la mjane mmoja wa Kihindi. Aliuza sururu, makarai, kamba na taa za karabai, vitu ambavyo wachimbaji wa upande wa Geita walivichukua kwa malori. Mumewe alikuwa amefariki, na watoto wake wote walikuwa ng'ambo. Mimi nilimwita bibi kama kila mtu pale mtaani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si wa hapa. Kiswahili hiki cha pwani."

Nikamwambia ninakotoka na kazi ninayofanya. Aliacha kufunga zile tambi.

"Mwalimu wa Kiswahili? Njoo Jumapili mchana. Mtoto wangu wa mwisho anatafuta mtu kama wewe."

Mtoto huyo alikuwa Kanada. Kila Jumapili alipiga simu, na simu ilikuwa sebuleni nyuma ya duka, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilipopewa mkono wa simu nilisikia kwanza sauti yangu mwenyewe ikinirudia, ndipo yake ikaja.

"Shikamoo, mwalimu. Nina majina. Nataka uniambie yapi yana thamani."

Sikuelewa hata kidogo. Alinieleza taratibu, kwa Kiswahili cha mtu aliyeondoka akiwa kijana. Kulikuwa na kitu kinaitwa intaneti. Siku zinakuja, alisema, kila duka na kila hoteli itahitaji jina lake kwenye kompyuta, kama inavyohitaji sanduku la posta, na jina moja haliwezi kuwa la watu wawili. Kwa hiyo yeye alikuwa amejiandikishia majina ya Kiswahili mapema, mengi, yote matupu, hayana kitu ndani. Alitaka kuyauza kwa watakaoyahitaji. Shida ni kwamba hakujua tena ni neno gani mtu wa kwetu angelitaka.

"Lakini mimi hiyo kompyuta sijawahi hata kuigusa," nikamwambia.

"Haidhuru. Maneno unayajua."

Akaanza kunisomea. Mengine yalinichekesha. Moja, aliponitajia herufi zake, alikuwa ameliandika "thahabu safi," kwa th, nikamwambia hilo hata mtoto wa darasa la tatu atalisahihisha. Jingine lilikuwa refu kama jina la chama cha ushirika. Nilijitungia kipimo changu: jina ninalisema mara moja kwenye simu ile yenye mwangwi, na kama bibi aliyekaa pembeni analirudia bila kuuliza, basi lina uhai. Kama anasema "Nini?", halina bei. Kisha nilijiuliza nani atalitaka, na kama mtu huyo yupo kweli au tumemtunga sisi.

Yule kijana alipenda kipimo hicho. Tulizungumza mpaka dakika zake zikakaribia kwisha, ndipo akasema, "Mpe mama." Bibi akashika simu kwa mikono miwili. Nilimsikia akisema maneno machache ya Kigujarati, kisha akabaki ameishika, imekwisha kukatika.

Jumapili ya pili ikawa vilevile. Ya tatu, kabla simu haijalia, bibi aliniwekea chai ya maziwa yenye tangawizi akakaa karibu nami.

"Mwalimu, usimalize majina haraka."

"Kwa nini, bibi?"

"Zamani alikuwa anapiga sikukuu tu. Sasa anapiga kila wiki. Leo mpimie moja. Mengine mwambie unafikiri."

Nilifanya hivyo, wala sikudanganya, maana kufikiri kulikuwapo. Wiki nzima nilibeba neno moja kichwani. Nilikwenda nalo sokoni, nikasikiliza kama kuna mtu analitaja. Ilikuwa faraja kuwa na jambo la kufikiria ambalo halikuwa darasa wala chumba changu.

Likizo ilipofika, bibi alinipandisha kwenye lori lake lililopeleka sururu Nyarugusu. Mtoto wake alikuwa ameweka tumaini kubwa kwenye majina yote yenye neno dhahabu, akataka nisikie wachimbaji wenyewe wanasemaje. Nilikaa kwa mama mmoja aliyeuza wali na maharage karibu na maduara, yale mashimo ya kuchimbia. Nikamuuliza watu wake wanaiitaje dhahabu.

"Hapa? Hapa ni mali. Utasikia, wamepata mali, mali imekata. Ukilitaja jina lake, wanasema inakimbia."

Wateja wake walikuwa wanaume kutoka kila upande wa nchi, na waliitana kwa makabila na miji waliyotoka. Nikiwa nakula, yule mama alinitazama kwa muda.

"Na wewe, dada, nani amekuleta peke yako huku?"

Nikasema nimekuja kutafuta maneno. Alinihurumia waziwazi, akaniongezea maharage.

Jumapili, nikiwa nimerudi mjini, nilimweleza kijana kwamba majina ya dhahabu hayatauzika kwa wachimbaji. Akauliza lipi basi litauzika. Nikamwambia lile ninaloona lina bei ni harusi. Ni fupi, hakuna anayelikosea, na kila mwaka wanazaliwa wanaolihitaji. Bibi aliposikia akapiga paja.

"Amenunua jina la harusi, harusi yenyewe hana!"

Nilimfikishia maneno hayo. Akacheka kule aliko, na bibi akacheka huku, nikawa nimesimama katikati na ile simu.

Haukupita muda mrefu akapiga kwa furaha. Mtu mmoja aliyeuza nguo za maharusi huko ng'ambo amelinunua lile jina. Na kwa sababu hiyo yeye kijana alikuwa amepata kazi kwenye kampuni inayofanya biashara hiyo ya majina. Yaliyobaki aliyaacha yaishe muda wake. Alinishukuru sana. Bibi alinipa doti ya khanga, nikaona aibu kuipokea, maana nilijua tumefika mwisho wa zile simu.

Kazi ile mpya ilimtaka hata Jumapili. Simu zikapungua, kisha zikakoma. Hata hivyo, kila Jumapili chai ya bibi ilikuwa ikiningoja. Tulikaa sebuleni, yeye akichambua choroko, mimi na vitabu vyangu.

Jumapili moja ikalia. Bibi aliinuka haraka mpaka choroko zikamwagika. Akasema haloo, akasikiliza, akasema ndiyo, akasema mzima. Kisha akakwama. Hakukuwa na jina la kupima, na wote wawili hawakuwa na neno jingine. Akaninyooshea ile simu kama mtu anayekabidhi mzigo.

"Mwalimu," kijana akaniambia, "mama anaendeleaje kweli?"

Ningeweza kumjibu. Nilijua goti linalomsumbua, nilijua chakula cha usiku anachokiacha sahanini.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Muulize kuhusu goti."

Nikamrudishia bibi, nikatoka barazani. Nilimsikia akianza kidogokidogo, kisha sauti ikapanda, Kigujarati kikatiririka, akalalamika, akacheka, akalalamika tena. Sikuelewa hata neno. Nilingoja kidogo nikidhani ataniita. Hakuniita, nikavaa viatu vyangu nikaenda zangu Kambarage.

Kabla mwaka haujaisha duka lilipata mmiliki mpya, na bibi akasafiri kumfuata mwanawe. Aliniaga shuleni, mbele ya walimu wenzangu, akanishika mashavu na kusema nikipata simu nipige. Hakuniachia namba, wala mimi sikumwomba.